Uongo wa daftari la dereva wa lori unamfaa nani?

Madereva wa malori ya masafa marefu wanaodanganya kwenye kumbukumbu za saa zao za kazi hujadiliwa kana kwamba ni suala la tabia tu: huyu mwaminifu, yule tapeli. Ukiwasikiliza wenyewe, mambo si mepesi hivyo. Wapo wanaojaza kila dakika kama ilivyokwenda na hawataki kusikia vingine. Wapo wanaosema waziwazi kwamba anayeandika ukweli mtupu atakosa kodi ya nyumba. Na wapo wale ambao saa za kuendesha huziandika sawasawa, lakini za kusubiri huzipindisha. Hawa wa tatu ndio wanaonishughulisha zaidi, kwa sababu wao wenyewe hawajioni kuwa waongo.

Chukua Marekani, ambako ubishi huu ni wa miaka mingi. Dereva wa mizigo akishapumzika saa 10 mfululizo anaruhusiwa kuendesha saa 11, zote ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Juu ya hapo, katika kampuni zinazofanya kazi siku zote za wiki, akishafikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8 haruhusiwi tena kuendesha mpaka saa zake zipungue kwenye hesabu hiyo. Ukurasa wa siku moja una mistari minne: hayupo kazini, yuko kitandani kwenye kabini, anaendesha, yuko kazini lakini haendeshi. Zamani mistari hiyo ilichorwa kwa kalamu, na madereva wenyewe waliliita daftari hilo kitabu cha vibonzo. Wengine walibeba mawili, moja la kumwonyesha askari na jingine la ukweli.

Desemba 2017 sheria iliyotaka malori mengi yawe na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini ilianza kutumika. Gurudumu likizunguka, kifaa kinaandika, na kudanganya saa za kuendesha kukawa kugumu. Lakini lori likisimama, kifaa hakijui kama dereva amelala au yuko ghalani akihesabu maboksi. Hapo anabonyeza mwenyewe, na ndipo uongo ulipohamia.

Fikiria dereva aliyefika ghalani saa mbili asubuhi kama alivyopangiwa. Anaambiwa asubiri, milango yote ya kupakulia ina magari. Saa nne anaitwa dirishani atie saini, saa nne na nusu anaambiwa aendelee kusubiri. Anakaa na simu mkononi kwa sababu akikosa kuitikia atapoteza zamu yake. Mzigo unashuka saa saba mchana. Kama angekuwa ameachiwa kabisa, yuko huru kulala au kwenda zake, kuandika kwamba alikuwa kitandani kusingekuwa kosa. Huyu hakuachiwa. Hata hivyo anabonyeza kitandani, ili saa hizo tano zisiliwe kwenye zile 70. Analipwa kwa maili. Malipo ya kusubiri, pale yanapokuwepo, mara nyingi huanza baada ya saa mbili za kwanza. Saa za kazi zisizo na maili kwake ni hasara tupu, na kuziandika ni kuiongeza hasara hiyo.

Hoja nyingine ya madereva wanaodanganya ina uzito kuliko hiyo ya fedha. Wanasema mwili haufuati saa ya ukutani. Dereva mzoefu anajua lini macho yamechoka, lakini zile saa 14 zinaendelea kuhesabu hata akipumzika. Akisimama saa moja adhuhuri apate usingizi kidogo, kwa kawaida ameitoa kwenye muda wake, na jioni itamdai. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumzuia asiendeshe akiwa amechoka inaweza kumsukuma aendeshe akiwa amechoka. Halafu kuna maegesho. Saa zikiisha na vituo vyote vimejaa, achague: kuendelea kinyume cha sheria, au kulala popote. Mwaka 2009 dereva Jason Rivenburg aliuawa na mwizi akiwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa huko South Carolina, akisubiri muda wa kushusha mzigo. Sheria ya kuongeza maegesho ya malori ilipewa jina lake mwaka 2012. Sioni namna ya kumlaumu anayeongeza nusu saa ya siri kutafuta mahali salama.

Hata kumbukumbu safi haitoshi. Juni 2014, kwenye barabara kuu ya New Jersey, lori liligonga gari alimokuwa mchekeshaji Tracy Morgan, na mwenzake James McNair akafariki. Wachunguzi wa usalama wa usafiri walikuta kwamba dereva hakuwa bado amemaliza saa zake 14 za kazi. Ila kabla ya kuripoti kazini alikuwa amesafiri usiku kucha kwa gari lake kutoka nyumbani, na alipogonga alikuwa macho kwa saa 28. Nao watafiti waliofuatilia vile vifaa vya kielektroniki waliona ukiukaji wa saa ukishuka, lakini ajali hazikupungua, huku makosa ya mwendo kasi yakiongezeka, hasa kwenye kampuni ndogo. Dereva asiyeweza tena kuiba muda kwenye karatasi aliutafuta kwenye mwendo.

Pamoja na hayo yote, nasimama na wanaoandika ukweli. Hoja ya kuujua mwili inaanguka pale pale inapohitajika, kwa sababu uchovu huharibu kwanza uwezo wa kuupima uchovu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Australia lilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mlevi naye husema yuko sawa. Na walio barabarani karibu na dereva aliyechoka, kwenye magari madogo na pikipiki, hawakuulizwa.

Lakini kinachonisukuma zaidi ni yale masaa matano ya ghalani. Dereva akiandika kitandani, anadhani ameikwepa sheria. Kwa kweli amewasitiri wenye ghala na aliyempangia safari. Kwenye kumbukumbu za kampuni, ucheleweshaji ule haupo: gari lilifika, dereva akapumzika, mzigo ukashuka. Safari ijayo itapangwa kwa muda uleule, na mwenzake atakayeandika ukweli ataonekana mvivu, kwani fulani aliiweza. Waongo ndio wanaoweka ratiba ya wote, na gharama yake wanailipa kwa usingizi wao wenyewe.

Ndiyo maana kumkazia dereva peke yake ni dhuluma. Ulaya walau wameligusa hili: kanuni ya mwaka 2006, ileile inayoweka saa 9 za kuendesha kwa siku na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu, inakataza kumlipa dereva kwa umbali ikiwa malipo hayo yanamchochea kuvunja kanuni au yanahatarisha usalama. Haijamaliza udanganyifu. Bado hukamatwa malori yenye sumaku kwenye kihisio cha giaboksi, ili takografu, kifaa kinachorekodi mwendo na saa za lori, idhani gari limesimama. Ila angalau sheria imekiri kwamba mkono unaobandika sumaku una sababu, na sababu hiyo mara nyingi iko kwenye mkataba wa malipo. Marekani bado iko mbali: sheria ya kazi ya mwaka 1938 iliwaacha madereva wengi wa malori nje ya malipo ya ziada ya saa, na mpaka leo wako nje.

Tangu 2016 kanuni za Marekani zinamkataza mwajiri, mwenye mzigo na mpokeaji kumlazimisha dereva avunje saa zake, na dereva anaweza kushtaki. Mashtaka yanataka ushahidi. Anayekwenda kulalamika kwamba alizuiwa ghalani saa tano, kisha akatakiwa afike usiku uleule, ataulizwa kumbukumbu zake zinasemaje. Kama zinasema alikuwa kitandani, kesi imekwisha kabla haijaanza, na aliyeiua ni yeye.