Mpiga dramu wa Combat Rock

Mashabiki wa rock wakianza kubishana kuhusu The Clash, ile bendi ya London, haikosi mtu wa kusema walijiuza, yaani waliacha msimamo wao wakafuata pesa, mwaka 1982 walipotoa albamu ya Combat Rock. Mimi nakataa.

Miaka miwili kabla yake walitoa Sandinista!, santuri tatu kwa mpigo, nyimbo 36, wakakubali kukatwa mrabaha ili mnunuzi apate nafuu. Huwezi kuishi hivyo daima. Safari hii mpiga gitaa Mick Jones alimiksi kazi ndefu, wenzake hawakuridhika, ikapelekwa kwa Glyn Johns, aliyekwishafanya kazi na The Who na Rolling Stones. Johns akapunguza nyimbo, zilizobaki akazifupisha, ikawa albamu ya dakika 46 hivi. Jones aliumia, na namwelewa, ila kwa masikio yangu Johns alikuwa sahihi. Tena humo ndani yumo mshairi Allen Ginsberg, na umo wimbo wa watoto walioachwa Vietnam na askari wa Marekani. Kama huko ni kujiuza, basi walijiuza kwa bei ya juu sana.

Kinachoniuma mimi ni Topper Headon, mpiga dramu wao. Siku moja alifika studio wenzake hawapo. Akakaa kwenye piano, akarekodi kipande alichokuwa nacho kichwani. Akaongeza besi, kisha dramu. Walipokuja, muziki ulikuwa karibu umekamilika. Mwimbaji Joe Strummer akatia maneno. Ndiyo Rock the Casbah ya albamu hiyo, iliyofika nafasi ya 8 kwenye chati za Marekani.

Mei 1982, mwezi uleule albamu ilipotoka, Headon akafukuzwa kwa sababu ya unga. Najua kufanya kazi na mtu aliyezama kwenye heroini ni mateso, sidharau hilo. Lakini itazame video ya wimbo ule: nyuma ya dramu amekaa Terry Chimes, aliyechukua nafasi yake, anaigiza mapigo ya mwenzake. Mimi hushindwa kuimaliza.

Baada ya hapo bendi ilipwaya, na Strummer mwenyewe alikuja kukiri kwamba haikuwa tena ile. Septemba 1983 wakamtimua na Jones. Mwaka 1985 ikatoka Cut the Crap, dramu zake zimepangwa kwa mashine. Bendi iliyokuwa na Headon! Mwaka uliofuata hapakuwa na bendi.

Novemba 2002, Strummer alikuwa akipiga shoo ukumbi wa Acton, London, kuwachangia wazimamoto waliokuwa kwenye mgomo. Jones alikuwa amekuja kutazama tu. Katikati ya wimbo akapanda jukwaani, akachukua gitaa, wakapiga pamoja kwa mara ya kwanza tangu 1983. Wiki tano baadaye Strummer alifariki, akiwa na miaka 50.