Ile pete nyeusi ya Olimpiki si ya Afrika, na miye naona afadhali

Kila mara Olimpiki ikikaribia, ile picha inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp: pete tano na maelezo chini yake, bluu ni Ulaya, njano ni Asia, nyeusi ni Afrika, kijani ni Oseania, nyekundu ni Amerika, halafu watu wanatuma mikono ya kupiga makofi. Huku Lubumbashi wengi tumekomaa na hiyo hesabu tangu masomo ya utoto, mwalimu anachora kwa ubao, akifika kwa ile nyeusi darasa zima limeshajibu hata kabla hajauliza.

Lakini hiyo haiko kwa sheria za Olimpiki. Sheria zenyewe zinasema pete tano zilizoshikana ni muungano wa mabara matano na wanamichezo wa dunia nzima, basi, haziko na pahali zinagawia bara rangi. Kweli kuna wakati kitabu cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kiliandika kwamba kila rangi ina bara lake, ila mwaka 1951 hayo maneno wakayatoa, maana hakukuwa na ushahidi kwamba Pierre de Coubertin, yule Mfaransa aliyechora pete mwaka 1913, aliwahi kuwaza hivyo.

Mwenyewe alihesabu rangi sita, si tano, kwa sababu nyeupe ya kitambaa nayo imo, na maelezo yake yalikuwa kwamba hizo sita zinatosha kutengeneza drapo (bendera) za mataifa yote ya wakati ule. Halafu akayataja kabisa: bluu na njano ya Sweden, bluu na nyeupe ya Ugiriki, rangi tatu za Ufaransa, Uingereza, Marekani, Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Hungaria, kisha Hispania, Brazil, Australia, Japani na China. Soma tena polepole. Afrika haimo hata kwa dawa.

Wala si ajabu. Mwaka 1914, drapo ya Olimpiki ilipoonyeshwa kwa mkutano wa Paris, Waafrika waliokuwa wanajitawala ni Ethiopia na Liberia, wengine sisi wote tulikuwa mali ya mtu. Hapa ilikuwa Kongo ya Wabelgiji tangu 1908, mji unaitwa Élisabethville, shaba inayeyushwa tangu 1911, na juu ya hiyo yote inapepea drapo ya nyeusi, njano na nyekundu. Sasa ukitafuta ile nyeusi kwa orodha ya Coubertin unaikuta wapi? Kwa Mjerumani, kwa Mbelgiji, na kwa mstari mmoja wa drapo ya China ya wakati ule. Yaani rangi tuliyoambiwa ni ngozi yetu, kama kuna pahali imetoka, ni kwa drapo hizo, na moja yao ni ya aliyekuwa anatutawala! Na Michezo ya Olimpiki ya kwanza ambapo hizo pete zilipepea ilikuwa 1920, Antwerp, huko huko Ubelgiji, kwa sababu ile ya 1916 iliuliwa na vita.

Najua mtasema ah wewe unatafuta maneno, nyeusi ni fahari, shida iko wapi. Fahari sawa, siikatai. Ila nijibuni basi kwa nini Asia wapewe njano, na Amerika nyekundu? Hiyo ni ile tabia ya zamani ya Wazungu ya kupanga watu kwa ngozi, huyu mweusi, huyu wa njano, huyu mwekundu, sasa kufika kwao wakachukua bluu. Kuna Mzungu wa bluu? Wao peke yao njo hawakupewa ngozi, walipewa rangi ya mbingu, na siye tunawapigia makofi kwenye simu. Miye hapo njo nashukuru waliyafuta, hata kama walichelewa, na hata kama walimu wetu habari haijawafikia mpaka leo.

Tena rangi haina maana mpaka watu wakubaliane. Hapa kwetu ukipita mtaa wa Kamalondo na mayo (jezi) ya nyeusi na nyeupe hakuna anayewaza bara lolote, wewe ni wa timu ya mpira ya Mazembe, kunguru, kwisha. Bluu na njano ni Lupopo, timu ingine ya hapa, jaribu kumwambia shabiki wa Lupopo kwamba ile ni Sweden uone.

Hata hiyo hesabu ya rangi sita leo haifungi vizuri. Vuka tu mpaka pale Kasumbalesa: drapo ya Zambia ina tai wa rangi ya machungwa na mstari wa machungwa, kwa pete hiyo rangi utaitafuta bure. Ile drapo ya Katanga ya 1960, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, nayo ilikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba (sitaki siasa hapa, naongea rangi tu). Hii yetu ya sasa, ya 2006, bluu ya mbingu na nyekundu na njano, inaingia yote, ila nyeusi haina hata tone, kwa hiyo nashindwa kuelewa mtu anayeniambia ile pete ya juu katikati njo inatuwakilisha.

Kama ni kubishana rangi, tubishane za medali. Kongo tulienda mara ya kwanza 1968, Mexico, tukarudi 1984, na tangu hapo hatujakosa hata mara moja, mpaka Paris 2024, lakini medali bado sufuri, hata ya bronzi, na bronzi ni shaba na bati, vyote viwili tunachimba siye.