Asidi kwenye maji, sawa, lakini joto ni lile lile

Kila aliyepita maabara ya shule amekariri hili: mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wangu ni kuifundisha kama mwiko, hadi wanafunzi wengi wanadhani ukiifuata joto halitoki.

Linatoka, tena lile lile. Ukiwa na kiasi kile kile cha asidi ya salfuriki na maji, jumla ya joto haibadiliki hata kidogo kwa sababu ya kipi kilitangulia kuingia chomboni. Joto hilo hutokana na molekuli za maji kuzizingira ayoni za asidi, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme. Gramu 98 za asidi hiyo zikizimuliwa kwa maji mengi mno hutoa kilojuli 95 hivi. Hata mililita 10 tu ndani ya mililita 100 za maji hupandisha jotoridi kwa nyuzi 30 hivi, na hapo sheria imefuatwa vizuri kabisa.

Kinachobadilika ni mahali joto linapoishia. Maji mengi hulimeza, kwani gramu ya maji huhitaji juli 4.2 ili ipande nyuzi moja, wakati asidi huhitaji 1.4 tu. Geuza sasa: matone ya maji yaangukie kwenye asidi. Asidi ina uzito wa gramu 1.84 kwa mililita, hivyo maji yanaelea. Joto lote linabanwa kwenye utando mwembamba pale vinapogusana. Maji huchemka kwa nyuzi 100, asidi yenyewe hadi ipite 300, basi maji hulipuka kuwa mvuke na kurusha asidi usoni.

Kwa hiyo anayemwaga asidi yote kwa mkupuo kwenye maji kiduchu ametii sheria na bado anajitafutia balaa. Anayemimina polepole bila kukoroga naye hayuko salama: asidi inazama na kutulia chini, ikisubiri kutikiswa.

Na wale wanaosema “inachemka kwa sababu ni kali”? Asidi ya hidrokloriki ya asilimia 37 ni kali pia, ila ukiizimua joto lake ni dogo zaidi. Asidi hiyo ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji, na gesi hiyo ilishatoa sehemu kubwa ya joto ilipoyeyushwa kiwandani.

Ningekuwa mwalimu, ningeanza na kipimajoto ndani ya bika, miwani machoni, wanafunzi wakisoma namba kila baada ya mililita moja. Sheria ningeitaja baadaye.