Kukaa Si Kufaa: Rimu na Matairi ya Gari Linalovuta Magurudumu Yote Manne

Wiki iliyopita shemeji yangu aliniletea gari lake nilisikilize, kwa kuwa lilikuwa limeanza kunguruma kila alipokata kona kali, huku likienda kwa kusuasua kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma. Ni gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote, na halikuwahi kumsumbua hadi alipoamua kulivisha rimu za inchi 17 badala ya zile za 16 lilizotoka nazo kiwandani. Nilipomuuliza ni nani aliyemchagulia saizi, alinijibu kwa utulivu ulionikera kuliko mngurumo wenyewe: "Fundi amesema nati zimeingia na tairi haligusi madigadi, shemeji, kwa hiyo imekaa."

Imekaa! Hata kiatu cha baba hukaa kwenye mguu wa mtoto, lakini hatumpeleki mtoto mbioni akiwa amekivaa.

Niliinama na tochi nikasoma ubavuni mwa matairi. Mbele kulikuwa na mawili mapya, kashata, yaani mikato inayoshika barabara, zikiwa bado na kina cha milimita 8, yameandikwa 225/55R17: upana wa milimita 225, ubavu wenye kimo cha asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Nyuma kulikuwa na yale yaliyokuja pamoja na rimu za mitumba, kashata zikiwa zimebaki milimita 4, yameandikwa 225/50R17. Fundi aliyeyafunga alikuwa ameiona tofauti hiyo, na alikuwa amemtuliza mteja wake kwamba ni "tano tu". Nikaomba futi ya cherehani iliyokuwa ndani ya nyumba, nikaizungusha kwenye tairi la mbele, ikasoma sentimita 213 na kidogo. Nikaizungusha kwenye la nyuma, ikasoma 204 kasoro kidogo. Hiyo "tano tu" pamoja na uchakavu ilikuwa imezaa karibu sentimita 10 katika kila mzunguko.

Kwenye gari linalovuta kwa mbele peke yake au kwa nyuma peke yake, kosa hilo lingekuwa aibu ya macho tu na kero ndogo kwa mfumo wa breki za ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma hazina habari za kupeana. Gari linalovuta kote halina uhuru huo. Ekseli zake mbili zimeunganishwa kupitia difu ya kati, yaani gia zinazoziruhusu ekseli hizo kupishana mwendo, au kifaa kinachofanya kazi yake, na kifaa hicho kimeundwa kustahimili tofauti ya mwendo ya muda mfupi, ile inayotokea gari linapokata kona au gurudumu moja linapoteleza kwenye tope, kisha kipumzike njia inaponyooka. Kwa matairi ya shemeji, njia hainyooki kamwe. Katika kila kilomita moja magurudumu ya nyuma yanazunguka takriban mara 22 zaidi ya yale ya mbele, na katika safari ya kilomita 100 inakuwa mara 2,200, kwenye barabara kavu iliyonyooka kama rula, bila tope wala kona ya kusingizia.

Kinachofuata kinategemea aina ya mfumo, na hakuna aina inayosalimika. Penye sahani zilizozama katika mafuta ya silikoni, tofauti ya mwendo huyasugua mafuta hayo mpaka yapate joto na kuzishikamanisha sahani, na hapo ekseli mbili hujaribu kuzunguka kwa mwendo mmoja huku matairi yakikataa; huo ndio mngurumo wa kwenye kona. Penye klachi inayoongozwa na kompyuta, kompyuta huona ekseli moja inakimbia kuliko nyingine, ikadhani kuna utelezi, ikaibana klachi ili kuzuia utelezi ambao haupo, nayo klachi ikaungua ikitibu ugonjwa wa kubuni. Penye difu ya gia tupu, gia ndogo zilizozoea kufanya kazi kwenye kona hukosa mapumziko kabisa. Kisha mwenye gari huambiwa kwamba magari ya aina hii "yana difu mbovu", naye huenda akawasimulia wenzake vivyo hivyo.

Najua nitakumbushwa ile kanuni ya asilimia 3, inayoruhusu tairi jipya kupishana na la kiwandani kwa kiwango hicho kwa kipenyo. Sawa, naikubali, ila kanuni hiyo hulinganisha seti nzima mpya na seti nzima ya zamani, na inachokilinda zaidi ni spidomita na nafasi ndani ya madigadi. Haikuandikwa ili tairi la mbele lipishane na la nyuma. Kati ya tairi na tairi kwenye gari moja, kipimo ni kikali mno: Subaru, kampuni iliyojijengea jina kwa magari ya namna hii, hutaka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4 hivi. Sasa piga hesabu ya shule ya msingi. Kashata ikipungua milimita 1, mzingo wa tairi hupungua milimita 6.28. Kwa hiyo milimita 1 ya uchakavu inatosha kuimaliza posho yote, hata kama matairi ni ya saizi moja, ya chapa moja, na yalinunuliwa siku moja. Ndiyo maana ninasema, na nitaendelea kusema hata nikichukiwa na wauza matairi wanaouza mawili mawili, kwamba gari hili hununuliwa matairi manne kwa pamoja na huzungushiwa nafasi zake kabla hayajapishana. Ni ghali, sikatai. Aliyeharibikiwa na tairi moja tu anaweza kutafuta la saizi na chapa ileile lenye kashata zilizochakaa kwa kiwango sawa na yale matatu. Inachosha, lakini inawezekana.

Yapo pia magari yanayotoka kiwandani yakivuta kote huku yakiwa na matairi mapana zaidi nyuma, na kila mjadala huu unapoanza huletwa kama shahidi. Hayo yalisanifiwa hivyo tangu mwanzo na wahandisi waliokokotoa vipenyo vyote viwili. Shemeji hakuwa na mhandisi. Alikuwa na nati.

Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yanaathiri gari lolote. Namba ya ET iliyopigwa kwenye rimu, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokutana na kitovu cha gari, si pambo: ukitoka ET48 kwenda ET35 umelisukuma gurudumu nje kwa milimita 13, na mzigo wa ziada unaangukia beringi. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, weka ringi yake, la sivyo usukani utatetemeka na utailaumu balansi. Tairi lenye namba ya uzito 91 hubeba kilo 615 na si zaidi, hata likipendeza vipi.

Kuhusu urembo wenyewe sina ugomvi. Inchi 17 inalipendezesha gari lile, na ubavu mfupi wa tairi unaufanya usukani uitikie upesi zaidi, hilo nakiri kwa shingo upande. Gari lilitoka na 215/60R16, lenye kipenyo cha milimita 664. Seti ya 225/50R17 ina milimita 657, pungufu kwa takriban asilimia 1, na ingefaa kabisa kama ingefungwa kote na ikiwa mpya yote. Jibu sahihi lilikuwa tayari kwenye ekseli ya nyuma. Kilichohitajika ni mtu wa kusoma tarakimu moja.

Shemeji aliyasikiliza yote hayo akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kisha akauliza kama haingetosha kuyahamisha, yale makubwa yaende nyuma na madogo yaje mbele. Sikumjibu. Tulitoa rimu zake za zamani stoo, zikiwa na matairi yake manne yaliyochakaa sawasawa, tukazifunga jioni ileile, tukalizungusha gari uwanjani usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Mngurumo ulikuwa umepungua sana, lakini haukuwa umeisha.