Ngome ya Siyu ni ya Sultani au ya watu wa Siyu?

Mgeni akija Lamu ataonyeshwa ngome ya mjini, ile iliyoisha kujengwa 1821 ikaja kuwa jela hadi 1984, apige picha zake aende. Siyu iko kule kisiwa cha Pate, safari ya boti, na hata ule urithi wa dunia wa 2001 ni Mji Mkongwe wa Lamu tu. Kwa hiyo ubishi wa nani aliijenga ngome ya Siyu huwa tunabishana wenyewe barazani, na kila mtu ashashika upande wake.

Wanaosema ni ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, si kwamba wanaropoka. Ukiitazama unaona kabisa mkono wa zama za Waomani, kuta nene, minara ya kona, matundu ya mizinga, inafanana fanana na ya Lamu. Tena Zanzibar ilikuja kuushika mji kweli, askari wakaingia. Hilo sawa.

Lakini mfanano wa minara unathibitisha nini hasa? Fundi wa Siyu alikuwa anachonga milango, anashona ngozi, ananakili misahafu, mji mzima wa mafundi, leo tuambiwe kuta za matumbawe na chokaa na boriti za mikoko ndio zimemshinda mpaka aletewe mtu wa nje? Kuiga umbo la ngome ya adui yako ni akili ya vita, si utumwa.

Na mi huwa narudi palepale kwenye 1844. Said alileta jeshi kutoka nje, watu na mizinga, kuja kumtiisha Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na likapigwa, kamanda wake mwenyewe akafia huku. Sasa angalia mahali penyewe: ngome imekaa kwenye hori ya mikoko, maji yakipwa hata boti ndogo inakwama matopeni, jahazi kubwa ndio usiseme, kwa hiyo anayekuja kwa bahari lazima asubiri maji yajae halafu apite njia nyembamba huku anaonekana, na askari wakishushwa mbali waje kwa miguu wanakutana na watu wanaojua kila kichaka. Aliyechagua pale alikuwa anajua maji ya pale. Yaani ni mwenyeji, au mtu aliyefuata maneno ya mwenyeji.

Anayemtaja Sultani anasema aliijenga ili autiishe mji. Haya, mji uliokuwa unalirudisha jeshi lake ungemuachia saa ngapi achome chokaa na kupandisha kuta? Siyu ilikuja kushikwa miaka ya 1860, zama za Sultani Majid, mwanawe Said, Said mwenyewe ashakufa tangu 1856, na mtoto wa Mataka akapelekwa Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kufungwa akafia huko. Kwamba Zanzibar waliweka askari wao ndani baadaye sina ubishi nalo, ila kuhamia nyumba si kuijenga.

Labda kuna ukarabati au nyongeza walifanya wao, hilo naweza kulikubali. Ila mtembeza wageni akisimama mlangoni aanze na Bwana Mataka, Sultani aje baadaye.