Likizo ya Juni na Ndoo ya Kufuli

Serikali ilipofuta ada mwaka 2016 nilishangilia mpaka nikajidunga sindano. Sikujua kumbe shule ilikuwa inanifanyia kazi nyingine isiyo na risiti: kunikalia na watoto wanne, watatu toka asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mkubwa bweni moja kwa moja. Mwezi wa sita huu wamerudishwa wote kwa mpigo. Na mimi fundi cherehani, ofisi yangu ndiyo baraza ya nyumba yangu, hapa Chikongola, Mtwara. Nikimbilie wapi?

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alituasa vizuri tu. Mtoto amezoea kengele, ghafla kengele hakuna, lazima ayumbe. Wapangieni muda wa kulala na kuamka, wacheze, kaeni nao mjue moyoni wana nini. Nikatikisa kichwa kama mjumbe wa nyumba kumi.

Ratiba nikaichora kwenye karatasi ya kukatia magauni, nikaibandika ukutani. Siku ya kwanza ilifuatwa na mtu mmoja, aliyeichora. Siku ya pili mtoto wa tatu akaikata, akatengeneza tiara.

Basi nikaitisha kikao cha kusikiliza mioyo. Kosa! Kitinda mimba, miaka sita, akafungua dimba: "Baba wateja wakipiga simu anasema nguo anaifunga kifungo cha mwisho, na kitambaa hajakikata." Wa tatu akadakia kwamba nawafukuza kulala mapema ili nione mpira. Nikamtazama mama yao aniokoe. "Semeni wanangu," akasema, "baba yenu leo anasikiliza."

Nikapiga simu Newala kwa mama yangu, nikisema wajukuu wamekukumbuka. Akaniuliza, "Wewe, hawa ndio walionikoshea mbwa kwa maji ya kisima changu cha mvua?" Huko juu Umakondeni maji ni mali. Simu ikakatika. Naye husema mtandao.

Lakini aliyenitoa jasho ni mkubwa, kidato cha pili, karudi kutoka bweni. Karudi na tranka na ndoo yenye mfuniko wa kufuli, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni, ufunguo shingoni. Nyumbani kwao! Nikanuna. Humu ndani mwizi nani? Sabuni anafungia, kijiko anafungia. Akila anamaliza kabla mama yake hajajipakulia, sahani kaikumbatia kwa mkono wa kushoto.

Usiku wa nne, saa kumi na moja alfajiri, nasikia mlango wa uani. Natoka na panga, namkuta yeye kasimama na ndoo yake, macho nusu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Foleni ya maji, baba." Halafu akatazama bomba letu, akanitazama mimi, akakaa chini.

Nami nikakaa. Upepo wa kusi mwezi huu si wa mchezo, nikamfunika na kitenge cha mteja (mama mwenye kitenge, kama unasoma hapa, nimekipiga pasi). Kulikuwa na ming'oko (viazi vya porini) ya jana kwenye sufuria. Tukawa tunamenya, tunachovya kwenye chumvi na pilipili. Sikumuuliza kitu, maana mdomo ulikuwa unawaka. Mpaka kunakucha alikuwa kanisimulia bweni zima: nani analia usiku, nani anaiba sabuni, paka wa jikoni anaitwaje. Saa moja akalala pale pale kwenye mkeka, mdomo wazi, mpaka adhuhuri. Cherehani nikaiacha, inapiga kelele.

Jioni naomba chai, naambiwa sukari imekwisha. Kilo mbili, siku tano! Nikaanza hotuba. Binti akanyanyuka kimya, akavua ufunguo shingoni, akafungua ndoo, akatoa kopo. Akachota kijiko kimoja, akakisawazisha juu kwa kidole, akanitilia kwenye kikombe.

"Baba," akasema akifunga kufuli, "hiki utanirudishia lini?"