Shujaa bubu au shujaa mwenye mdomo?

Kuna ubishi unarudi kila tukikaa wacheza gemu watatu na zaidi, kwamba kwenye gemu za hadithi yule mtu unayemwendesha aongee au anyamaze. Wa kunyamaza wanasema ukimpa sauti umeninyang'anya mimi nafasi yangu. Wa kuongea wanakujibu, mtu mzima anapewa habari ya msiba anakodoa macho tu kama kuku kwenye mvua, hiyo nayo ni hadithi? Mi nimekaa pande zote mbili kwa miaka tofauti, ila wacha nianzie Bombo.

Bombo kama hujui ni mji wa kambi ya jeshi, barabara ya Kampala kwenda Gulu, Kiswahili pale utakisikia sokoni na majumbani bila mtu kukulazimisha. Tulikuwa na kibanda cha gemu, PlayStation 2 moja na TV yenye mstari wa kijani upande mmoja, mmoja anacheza na wengine kumi wanasubiri zamu wamekaa kwenye kreti za soda. Na Uganda hii penye skrini lazima awepo VJ, yule mtu anayetafsiri na kuchangamsha filamu kwa sauti yake, sisi tumelelewa na kina VJ Jingo na VJ Junior wanaongea juu ya filamu mpaka ukija kuiona filamu yenyewe bila VJ unaona kama posho, yaani ugali, bila mchuzi. Basi pale kibandani kulikuwa na kijana mmoja akishika pedi ya kuchezea au asishike, kazi yake ni kutangaza.

Gemu ilikuwa GTA III, ile ya 2001. Claude, yule unayemwendesha, hasemi neno hata moja toka mwanzo hadi mwisho. Bosi anamwita, anampa kazi ya kwenda kuua mtu, Claude amesimama tu, na hapo kijana wetu anaingia: "Bosi, kazi nimesikia, ila ile hela ya juzi bado, na boda wa kunirudisha analipwa na nani?" Kibanda kizima chini kwa kicheko. Kila siku Claude alikuwa mtu mwingine, leo mdaiwa, kesho afande aliyetoroka kambi, keshokutwa mkwe anayeogopa mama mkwe.

Halafu ikaja GTA San Andreas ya 2004. Shujaa wake CJ anarudi nyumbani kumzika mama yake, hajafika hata mtaani polisi wanamkamata, wanamnyang'anya hela na kumtupa kwenye eneo la maadui, na CJ anaongea, analalamika, anagombana na kaka yake. Kijana wetu hakunyamaza, ila kazi yake ilibadilika, akawa anatueleza CJ kasema nini. Kwa Claude alikuwa anatunga, kwa CJ akawa mkalimani.

Kwa muda mrefu niliishia hapo, nikasema shujaa bubu ni bora, kwisha. Lakini kuwa mkweli, nani anamkumbuka Claude? Ukimtaja leo watu wanauliza Claude yupi. CJ ukimtaja hata mwanamke asiyegusa gemu maisha yake anamjua. Catalina, mpenzi wake, anamsaliti Claude na kumpiga risasi mwanzoni kabisa mwa gemu na hakuna aliyesikitika pale kwenye kreti, ila siku CJ anagundua rafiki zake wa utotoni wamemuuza, banange, mtu alitoka nje.

Kwa hiyo sauti inaleta kitu. Swali ni inaondoa nini, na mfano mzuri naona ni Fallout 4 ya 2015. Fallout 3 na New Vegas kabla yake ulikuwa unasoma sentensi nzima, unaichagua, unaisema kichwani kwa sauti yako mwenyewe, kwa ukali wako au upole wako. Fallout 4 wakaweka sauti, ya kiume na ya kike, na kila maongezi yakabanwa kwenye vitufe vinne na maneno mawili matatu kila kimoja. Unabonyeza ukidhani unatania, jamaa anatoa tusi. Watu wakachoka mpaka wakatengeneza modi, yaani nyongeza ya wachezaji wenyewe, ya kuonyesha sentensi kamili kabla hujabonyeza. Na ile sauti ni ya mzazi anayemtafuta mwanae, nzuri tu, imeigizwa vizuri, lakini gemu hiyo hiyo ilikuwa imeniambia naweza kuwa mtu yeyote ninayetaka, sasa mi nilitaka kuwa mwizi asiyejali na kila akifungua mdomo anatoka baba mwenye uchungu. Ndo maana sikushangaa Starfield ya 2023, kampuni ile ile, wakarudi kwenye ububu. Kuna na hesabu ya pesa pale, kila jibu la mchezaji lenye sauti ni mtu wa kurekodi, na mara mbili kama kuna wa kiume na wa kike, kwa hiyo majibu yanapungua.

Upande mwingine nauona kwenye Dead Space. Ile ya 2008 shujaa Isaac ni fundi, injinia kabisa, halafu ameingia kwenye meli ya angani imejaa mazimwi anamtafuta mpenzi wake na wenzake wanamtuma tengeneza hiki, kimbia kule, na yeye hajibu, kama kijana wa gereji aliyeajiriwa jana. Walipoirudia upya 2023 wakampa sauti na sasa anasema mwenyewe kwamba hii mashine haitawaka hivyo, tujaribu njia hii. Hadithi ni ile ile ila sasa nikamwamini kwamba ni fundi. Hapa watetezi wa ububu hawana cha kujibu, mi naona, maana Isaac hakuwahi kuwa mimi, ana jina, ana kazi, ana mpenzi, sasa kumnyamazisha ni kwa faida ya nani?

Ila kuna ububu wa makusudi na huo ni habari nyingine. BioShock ya 2007, shujaa wake Jack anaongea kidogo sana kwenye ndege mwanzoni halafu basi, unaambiwa kwenye redio nenda hapa fanya vile na wewe unatii kwa sababu ndo mazoea ya gemu, mpaka katikati unapogundua kwa nini ulikuwa unatii. Sitasema zaidi kwa ambaye hajaicheza. Jack angekuwa mwongeaji angeshauliza maswali mapema na ile siri ingekufa. BioShock Infinite ya 2013 wao wenyewe wakampa shujaa Booker mdomo, kwa sababu kuna binti Elizabeth pembeni anaongea muda wote na mtu wa kutomjibu binti kama yule angeonekana ana kiburi.

Na kitu kingine watu wa nje hawakitaji kwa sababu hakiwahusu: hiyo sauti ni ya nani? Mi sijawahi kukutana na gemu kubwa ya hadithi ambayo shujaa anaongea Kiswahili. Kwa hiyo "mpe sauti" kwetu maana yake mpe Kiingereza cha Marekani, na bubu ndo pekee anayeweza kutoka Bombo.

Novemba 2024 walipoitoa Half-Life 2 bure kwa miaka 20 yake niliishusha kwenye laptopu ya zamani, haihitaji mashine kubwa, nikampa mtoto wa dada yangu. Anacheza peke yake, hedifoni masikioni, hakuna kreti wala zamu. Shujaa Gordon Freeman hasemi kitu, na Alyx, dada anayemsaidia, mwenyewe siku wanakutana anamtania kwamba ni mtu wa maneno machache. Mtoto akavua hedifoni upande mmoja: "Anko, huyu ni bubu?" Nikavuta kiti, nikamwambia ngoja, nikaanza kumwongelea Gordon kama zamani, dada samahani nimetoka safari ndefu, chai ipo?

"Anko, nyamaza kwanza, namsikiliza."